Soma Nisikie

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama mbele ya wasichana wa kidato cha tatu nikiwaandikia ubaoni sababu za mtu kuandika. Kuhifadhi historia. Kuelimisha. Kuburudisha. Kukosoa jamii. Walizinakili, wakazikariri, wakazitema kwenye mtihani, nami nikawapa alama zao. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuniuliza kama mwalimu mwenyewe anaandika, na kama anaandika, kwa nini. Angeniuliza ningemwambia akae chini asiwapotezee wenzake muda. Nilikuja kuijua sababu Alhamisi moja ya masika yaliyopita, nikiwa nimeshastaafu, mezani kwangu hapa Kilakala. Kama nisingeijua, leo ningekuwa na nyumba mlimani.

Mama yangu hakusoma. Alizaliwa juu, kwenye milima ya Uluguru, na tarehe yake ya kuzaliwa tunaijua kwa kuwa padri wa misheni aliiandika kwenye kitabu cha ubatizo. Dada yake mkubwa hakubatizwa utotoni, akafa bila kujua umri wake, na hata kwenye msalaba wake pameandikwa mwaka wa kufa tu. Jambo hilo lilimtia mama hofu ambayo hakuwahi kuiacha. Aliamini kwamba kisichoandikwa kila mtu anaweza kukibishia, na mwenyewe hutakuwa na pa kushika.

Basi nilipopata ualimu, akanifanya karani wake. Kila nilipopanda kumwona, nikishakunywa chai, aliniambia: toa daftari. Alisema, nami niliandika. Mvua imechelewa. Njegere zimeingiwa na wadudu. Fulani kaoa, fulani kazikwa, fulani na jirani yake wamegombea mfereji wa maji mpaka mwenyekiti wa kijiji kaitwa. Akimaliza, alifumba macho na kusema maneno yale yale kila mara: "Soma nisikie." Nilisoma, naye alinisahihisha kuliko nilivyowasahihisha wasichana wangu. Siku moja alinikatiza katikati ya sentensi akaniambia hakusema yule mwanamke alilia, alisema alifuta macho, na kama mimi sijui tofauti yake nirudishe cheti changu. Nilifuta, nikaandika upya. Yakafika madaftari kumi na moja. Aliyahifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na khanga zake za sikukuu, na aliwasimulia watu wote wa ukoo kwamba maisha yake yapo humo.

Nami nikiri sasa hivi, maana nitakiri mengi zaidi: kazi ile ilinichosha. Nilikuwa na madaftari mia moja na ishirini ya kusahihisha shuleni, halafu siku ya mapumziko napanda mlima kwenda kuandika habari za njegere.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mama alipatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ulilala, na ulimi nao ukalala. Nilimshusha mjini pamoja na sanduku lake, nikamweka kwenye chumba changu cha nyuma chenye dirisha linalotazama mlima. Kusikia anasikia, na kuelewa anaelewa kila kitu. Tulipata njia yetu ya kuzungumza kwa mkono wake wa kushoto. Ukimwuliza jambo, mkono ukibaki umelala juu ya shuka, ndiyo. Ukiinuka, hapana. Sukari kwenye uji ikipungua, mkono unainuka kabla hata sijauliza.

Mgonjwa akiwa bado kitandani, mambo ya shamba yakaanza.

Kwetu Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Baba anakupa jina, ukoo wa mama unakupa pa kulima. Mama alikuwa na vipande viwili: migomba ya chini, karibu na njia, na shamba la juu lenye chemchemi, ambalo karoti zake zilijulikana hadi sokoni mjini. Mimi ndiye binti yake pekee. Sikuwahi kufikiria kwamba shamba la juu laweza kuwa la mtu mwingine. Nilishachora nyumba ya vyumba viwili na baraza, nikawaonesha walimu wenzangu mchoro, na mwaka kabla sijastaafu nilipanda na kamba nikapigilia vigingi vinne kwenye kona za nyumba yangu.

Sasa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akaenda kwa mjomba akasema shamba la juu alishapewa na mama. Huyu ndiye aliyeishi na mama miaka yote niliyokuwa nafundisha. Yeye ndiye aliyechanja kuni, yeye ndiye aliyechota maji, na siku mama alipoanguka yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi mwisho wa barabara. Shamba la mama yake mwenyewe liliondoka na maporomoko ya udongo, likabaki jabali tupu. Yote hayo niliyajua. Lakini kupewa? Mbele ya nani? Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo mwalimu hasemi. Nilimwambia kumuuguza mtu si kumrithi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akajibu kwa sauti ya chini.

"Dada, lete madaftari. Yasomwe."

Nilicheka. Mtu asiyejua hata kuandika jina lake anadai usomaji. Niliona ni maneno ya kutishia tu, na nikasema moyoni atakuja kuaibika mbele za watu.

Mjomba, mdogo wake mama na mkuu wa nyumba yetu, aliita kikao Jumamosi. Akaniagiza niyabebe madaftari yote. Mali bila daftari hupotea bila habari, aliniambia kwenye simu, na sisi daftari tunalo. Akaongeza kwamba mama asiulizwe lolote. Mgonjwa haulizwi habari za mali, ni kama kumchimbia kaburi naye anatazama. Nilikubali upesi sana. Upesi ule nilipaswa kuutilia shaka palepale.

Nilianza kuyasoma Jumanne. Jumatano usiku nilikuwa nimemaliza, na sikukuta popote mama akimpa mtu shamba. Niliona ukurasa mmoja wa ajabu kidogo, wa miaka minne iliyopita. Juu kulikuwa na tarehe, na chini yake, kwa mwandiko wangu: chumvi, betri za redio, sabuni ya mche, dawa ya kikohozi. Basi. Nikadhani ni vitu alivyoniagiza, nikapindua. Nilifurahi kiasi cha kupika pilau katikati ya wiki.

Alhamisi asubuhi nikakaa kuandika maelezo yangu ya kusoma kikaoni. Mwalimu haendi mbele za watu na maneno ya kichwani. Niliandika: mama hakuwahi kuniambia kwamba amempa mtu shamba la juu. Nikaisoma. Ilisimama vizuri, ila ilikuwa peke yake, kama insha ya mtoto mvivu. Nikaamua kuijaza. Nitaeleza safari zangu kwenda kwa mama moja baada ya nyingine, tarehe kwa tarehe, watu waone kwamba mimi ndiye mtu aliyesikia kila neno lake. Nilipofika kwenye ile tarehe ya chumvi na betri, sikuwa na la kuandika. Nikafanya nilivyokuwa nikiwaambia wasichana: ukikwama, andika ulichoona, kilichosikika, kilichonukia.

Nikaandika kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Nikaandika kwamba kijana wa bodaboda alikuwa ananisubiri mwisho wa barabara na alikuwa ananipigia simu kila baada ya dakika chache, njia isije ikaharibika. Mama alikuwa anapepeta maharage kwenye ungo. Nyumba ilinuka moshi wa kuni mbichi. Hapo nikasita, maana moshi hautoki wenyewe. Nani alikuwa jikoni? Nikaandika: mdogo wangu alikuwa jikoni, anapuliza moto, mlango uko wazi. Nikaandika: mama akasema.

Mkono ukagoma. Nilitaka kuweka kalamu chini nikatazame uji, na uji wala haukuwa motoni. Nikaandika tena, mama akasema, na safari hii maneno yakaja yenyewe, kwa sauti yake, na kukohoa kwake kukiwa mahali pake:

"Shamba la juu, lenye chemchemi, ni la mdogo wako. Wewe una mshahara na una nyumba mjini. Migomba ya chini ndiyo yako. Andika."

Yalipokuja hayo, mengine hayakuhitaji kuitwa. Hasira ilinipanda siku ile mpaka masikioni. Niliinama juu ya daftari nikaandika chumvi. Nikaandika betri. Kalamu ilikuwa inatembea, na kwa mtu asiyesoma, kalamu inayotembea inatosha. Aliniuliza kama nimeandika. Nikamwambia nimeandika. Akafumba macho.

"Soma nisikie."

Nikaliinua daftari usoni, nikamsomea. Shamba la juu, lenye chemchemi, ni la mdogo wako. Nilimsomea yote, sikukosa hata neno, kutoka kwenye ukurasa wa sabuni na dawa ya kikohozi. Nilisoma vizuri, kwa kuwa kusoma mbele ya watu ndiyo kazi yangu. Mama aliitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile hakuwa na la kunisahihisha.

Nimejiuliza sana kama nilikuwa nimesahau kweli. Sijui. Ninachojua ni kwamba ningekaa mwaka mzima nikiwaza, nisingefika pale. Mawazo yangu yananipendelea. Kichwani mwangu nina haki tangu asubuhi hadi jioni, na kila nikikaribia mahali pabaya, napita pembeni. Sentensi haikubali. Ukishaandika moshi, itakuuliza nani kawasha moto. Wengine huenda wanaandika ili wakumbukwe, na heri yao. Mimi nilikaa niandike nishinde kesi, na saa sita mchana nilikuwa nimejishtaki mwenyewe kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Nilizunguka nyumba nikifanya hesabu za mwizi. Daftari halisemi kitu. Mama hasemi. Anayejua ni mmoja, na huyo ndiye mdai, nani atamsikiliza? Wala sikuhitaji kusema uongo. Ningepanda na madaftari yangu kumi na moja, mjomba angeuliza kama kuna mahali pameandikwa, nami ningejibu hapana, na ingekuwa kweli tupu. Karatasi ya Alhamisi niliikunja mara nne, nikaisogeza karibu na jiko la mkaa, nikaitoa. Nikaisogeza tena.

Mchana nilimpelekea mama uji. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya shuka. Ningeweza kumwuliza pale pale: mama, siku ile ya mvua, ulisema hivi? Nikajiambia mjomba amekataza. Uongo mtupu. Niliogopa kwamba nitauliza na mkono hautainuka. Nilimlisha kijiko kwa kijiko bila kumtazama usoni, na alinitazama muda wote.

Jumamosi nilimwomba jirani akae na mama, nikapanda. Bodaboda ilinifikisha mwisho wa barabara, nikaendelea kwa miguu, begi la madaftari likinikata bega. Njia inapita ukingoni mwa shamba la juu. Nilikuwa nimejiapiza nisilitazame, nikalitazama. Mdogo wangu alikuwa amepanda njegere, mistari imenyooka, na katikati ya njegere vigingi vyangu vinne vilikuwa vimesimama. Alikuwa amelimia pembeni yake kwa uangalifu. Hakung'oa hata kimoja.

Nilikaa juu ya jiwe. Niliona aibu, na pia nilimkasirikia, maana ni rahisi zaidi kumdhulumu mtu aliyekung'olea vigingi.

Kwa mjomba walikuwa wameshakaa, wazee wanane au tisa kwenye baraza, wanawake kwenye mikeka. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikaulizwa hali ya mgonjwa, nikajibu anaendelea. Mdogo wangu alikuwa ameketi karibu na mlango. Alinisalimia vizuri, kisha macho yake yakashuka kwenye begi langu, yakabaki hapo. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekuja kuchukua kitu chake. Ndipo nilipoelewa, na nilielewa nikiwa nimechelewa sana, kwamba hakunitishia hata siku moja. Siku ile ya mvua alikuwa jikoni na mlango uko wazi, akasikia mama akisema andika, akanisikia mimi nikisoma. Alitaka madaftari yaletwe kwa sababu alijua neno lile limeandikwa.

Mjomba hakuwa na maneno mengi. Alisema dada yake hana ulimi, lakini Mungu hakumwacha mtupu, alimpa binti msomi. Akanitazama.

"Soma, mama. Tusikie."

Nikafungua daftari la mwaka ule. Karatasi ya Alhamisi nilikuwa nimeichomeka ndani, sina hakika kwa nia gani. Nikaanza kuisoma: mvua, bodaboda, maharage kwenye ungo, moshi. Mama akasema. Nikasoma alichosema, mpaka neno la mwisho. Mdogo wangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, hana hata furaha ya ushindi:

"Ndivyo. Ndivyo alivyosoma siku ile."

Wazee wakaanza kuitikia. Mjomba alikuwa ametoa miwani mfukoni, akanyoosha mkono alione daftari, aone mwandiko wa siku ile, ukoo uwe umeshuhudia. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia miwani yako imechoka mjomba, nimeshasoma. Shamba lilikuwa limeshakwenda kwa mwenyewe. Kilichobaki ni heshima yangu tu, na ingeokolewa kwa kufunga daftari. Nilikuwa nimewahi kusoma ukurasa usioandikwa, na msikilizaji akaridhika. Sasa ilikuwa mara ya pili, mbele ya watu wengi zaidi.

"Mjomba," nikasema, "humo hamna. Siku ile niliandika chumvi."

Nikampa daftari na karatasi. Nikawaeleza yote, na nilipojaribu kuyapamba yalikataa kupambika. Mjomba alisoma ule ukurasa kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo. Akavua miwani. Akasema shamba la juu ni la mdogo wangu, kwa kuwa neno la dada yake limesikika kwa vinywa viwili, na hakuna mtu wa kulifungua tena. Mimi hakunitazama. Bibi mmoja kwenye mkeka akashika tama akatikisa kichwa.

Mdogo wangu alikuwa bado ananitazama. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Miaka minne alilima akijua limeandikwa. Alilimia pembeni ya vigingi vyangu bila kusema kitu, kwa kuwa mtu mwenye andiko hana haja ya kugombana. Aliinuka, akaja akachuchumaa mbele yangu, akaweka mkono juu ya begi lenye madaftari kumi yaliyobaki.

"Dada," akasema polepole, "na siku nyingine?"

Nikamwuliza siku zipi.

"Alizokuambia soma nisikie."

Niliteremka mlima na swali lake, nikapita njegere bila kugeuza shingo. Nilifika Kilakala jua likiwa bado juu ya paa la jirani. Nikamshukuru jirani, nikamnawisha mama uso, nikavuta kiti hadi kitandani. Nikamwambia nilikotoka, shamba lilikokwenda, na siku ile ya mvua niliandika nini. Mkono wake haukusogea. Machozi yalimtoka jicho moja, la upande wenye uhai, na sijui yalikuwa ya nini, wala sitaandika kwamba najua.

Kisha nikachukua daftari la kwanza kabisa, ambalo jalada lake limeshaliwa na mende, na kalamu. Nikamwambia, mama, nitasoma polepole, tangu mwanzo. Safari hii wewe ndiye mwalimu. Penye uongo, inua mkono.

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Mvua, mbegu za kabichi, jirani kanunua mbuzi. Mkono ulilala. Nikapindua wa pili. Mstari wa juu, kwa mwandiko wangu wa ujana, ulisema: mama anasema hajambo, hana shida yoyote.

Mkono ukainuka.